Mama Yuko Kwenye Kemo: Nimpe Mafuta au Nimnyime?

Mdogo wangu, pole sana kwa kuuguza. Umeniandikia kwamba mama anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi, anapata mionzi pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya kemo, kila wiki, na nguo zimeanza kumpwaya. Wifi yako anasema mafuta yanalisha saratani, uyaondoe kabisa jikoni. Jirani naye kakuletea kopo la vidonge vya mafuta ya samaki, eti vinayeyusha uvimbe. Mliokwama njia panda hii ni wengi, basi nawajibu wote.

Kwanza, usimnyime mama mafuta. Mgonjwa akikonda sana nguvu humwishia, na matibabu yanaweza kuahirishwa. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4 tu. Kwa mtu anayekinai baada ya vijiko vitatu, tofauti hiyo ni kubwa. Uji ukishaiva, tia kijiko cha chakula cha mafuta ya alizeti, ukoroge: umeongeza kalori kama 120 na bakuli ni lile lile. Karanga za kusaga kwenye mchicha, parachichi la kuponda na unga wa dagaa navyo vinafaa, hasa mdomo ukiwa na vidonda. Vya kukaanga viache, maana harufu yake humchefua mgonjwa. Mionzi ya nyonga huweza kuleta kuharisha. Ikitokea, punguza mafuta na uwaambie wauguzi mapema.

Pili, kuhusu hayo mafuta ya samaki, yaani omega 3. Chama cha lishe tiba cha Ulaya, ESPEN, kinasema yanaweza kumsaidia mgonjwa wa saratani iliyosambaa, anayepata kemo na anayeelekea kukonda, apate hamu ya kula na uzito usiporomoke. Hata hivyo, chenyewe kinakiri kwamba ushahidi bado ni dhaifu. Kuyeyusha uvimbe hakijasema. Na kule Marekani, utafiti wa VITAL uliofuatilia watu zaidi ya 25,000 ulionyesha mwaka 2018 kwamba gramu moja ya omega 3 kwa siku haikupunguza idadi ya waliopata saratani.

Tatu, na hapa nisikilize vizuri. Mwaka 2015 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walieleza kwamba asidi moja iliyomo kwenye mafuta ya samaki ilizuia kemo isifanye kazi kwa panya. Dawa zinazohusika ni za jamii ya platinamu, na sisplatini ya mama ni mojawapo. Kwa binadamu walipima damu tu, wakaona asidi hiyo inapanda mtu akinywa mafuta hayo. Wakashauri wagonjwa wasiyatumie kuanzia siku moja kabla ya kemo hadi siku moja baada yake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usimpe mama kidonge hata kimoja kwa siri. Kliniki ijayo nenda na kopo lenyewe, liweke mezani, daktari asome kilichoandikwa na kiwango chake. Taja pia mitishamba, kama ipo. Usiogope kufokewa, mficha uchi hazai. Mafuta ya jikoni yampe mama nguvu ya kumaliza matibabu. Kutibu saratani waachie mionzi na dripu.