Darsa la Ramadhani, siku ya 14: Kumwacha huru mtumwa

Kafara ya aliyemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani huanza na kumwacha huru mtumwa. Kufunga miezi miwili au kulisha maskini 60 ni kwa asiyeweza. Sasa mbona Zanzibar, nchi ya misikiti, watumwa walisubiri amri ya 1897, tena kwa shinikizo la Waingereza? Na fidia wakalipwa mabwana! Mtumwa ilibidi aende mwenyewe kuuomba uhuru wake. Masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Huku kwetu Tanganyika ni 1922, baada ya vita. Wapo wasemao tusifukue haya, yanaitia dini aibu. Mimi naona aibu ni kukataa posa leo kwa kuwa ukoo wa kijana unasemwa wa watumwa.

Kesho baada ya Alasiri, inshaallah, Suratul-Balad, aya ya 11 hadi 16.