Bustani ya Nyumbani: Tumjue Mdudu Kabla ya Kutafuta Dawa

Mvua zimekatika na mavuno ya mpunga yanaendelea huko Usangu. Kwetu hapa Chimala miezi ya Mei hadi Agosti ni miezi mizuri ya mboga. Mvua zikiisha, ukungu wa nyanya hupungua, na mwenye madebe mawili ya maji ya kumwagilia jioni aweza kupata mchicha, chainizi na vitunguu hatua chache tu kutoka jikoni.

Katika somo hili twataka kukumbushana jambo moja: tumjue mdudu kwanza, ndipo tutafute dawa. Wengi wetu hufanya kinyume. Mwaka mmoja sisi wenyewe tulikuta asubuhi miche ya nyanya imekatwa chini kama kwa wembe. Tukapulizia dawa majani mara mbili, na bado miche ikazidi kuanguka. Ndipo mama mmoja jirani alipofukua udongo kwa kijiti, akatutolea sota mnene aliyejikunja. Tulikuwa tumepoteza dawa bure, kwa maana mharibifu alikuwa ardhini.

Basi, tuwaangalie wasumbufu wakubwa.

1. Sota. Hula usiku, na mchana hujificha ardhini karibu na shina. Fukua asubuhi kando ya mche ulioanguka, umwue. Lima wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, uondoe magugu yote, na uwaachie kuku wapekue. Miche ikishapandwa, kuku wazuiwe kwa ua wa miiba.

2. Vidukari. Ni wadogo, hukaa kwa makundi chini ya majani machanga na kunyonya utomvu mpaka majani yajikunje. Changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyize jioni chini ya majani. Yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, asiuawe. Yeye hula vidukari.

3. Kantangaze. Kiwavi huyu wa nyanya asili yake ni Amerika ya Kusini, naye aligunduliwa nchini mwetu mwaka 2014. Hukaa ndani ya jani na ndani ya tunda, tena amekwisha kuzoea dawa nyingi, hivyo kupulizia peke yake hakutoshi. Chuma majani na matunda yaliyotobolewa, uyachome moto au uyafukie chini sana. Mahali palipokuwa na nyanya msimu huu, msimu ujao panda mchicha au maharage, si bilinganya wala viazi mviringo.

4. Utitiri mwekundu. Huja na joto la Septemba na Oktoba. Majani huwa na vidoa vya njano na utando mwembamba. Mwagilia vizuri, na funika udongo kwa mabua ya mpunga usikauke upesi.

Ikiwa hayo yote hayakufaa, tumwulize bwana shamba au bibi shamba, tukimpelekea jani lenyewe. Tusitumie kwenye mchicha dawa iliyobaki ya mpunga au ya pamba. Tusome kibandiko: kinaonyesha siku za kungoja tangu kupulizia mpaka kuchuma. Mboga iliyopuliziwa jana haifai kupikwa leo, hata ikioshwa.

Wazee wanakumbuka jinsi DDT ilivyosifiwa kuwa dawa ya kila mdudu. Baadaye ilionekana kwamba hukaa miaka mingi katika udongo na katika miili ya watu, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukakataza kuitumia mashambani.

Tena tuangalie mambo mawili. Dawa isiwekwe kamwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto hajui tofauti. Mtoto akinywa, asitapishwe; apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenye kibandiko. Na bomba lisioshwe mferejini. Maji hayo hayo huchotwa na wenzetu walio chini, kisha huendelea mpaka Ruaha Mkuu.

Kesho asubuhi, kabla ya kushika bomba, tupite kwanza bustanini tukageuze majani na kufukua udongo.