Kabla Hujanunua Busta ya Gitaa

Mdogo wangu wa Kihunguro, ujumbe wako nimeusoma. Unasema unapiga mugithi, ule muziki wa Kikuyu wa mtu mmoja na gitaa lake, kwenye baa pale Ruiru, gitaa umelichomeka moja kwa moja kwenye miksa, na sauti inatoka imefifia, haina makali, hata ukipandisha trebo hadi mwisho. Rafiki yako kakwambia dawa ni pedali ya busta, na sasa unauliza kama ukope pesa kwa simu ukainunue. Deni la simu kwa ajili ya pedali, hapana. Weka akiba kidogo kidogo. Mengine tuyaongee hapa, maana wenzako wa Thika, Juja na Githurai wameniuliza jambo hilohilo.

Busta, au priampu kama wengine wanavyoiita, ni kisanduku kidogo cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na mtambo. Kazi yake ni moja: kupokea umeme mdogo sana unaotoka kwenye pikapu za gitaa na kuutoa ukiwa na nguvu zaidi. LPB-1 ya Electro-Harmonix, kampuni ambayo Mike Matthews aliianzisha New York mwaka 1968, ilikuwa na transista moja tu na nobu moja ya kuzungusha, na nyingi za leo hazijapita hapo mbali sana. Busta ni kama pampu ya maji ya ghorofani: inasukuma yaliyomo tangini, haichimbi kisima. Kama nyuzi zako zina kutu na vidole havijatulia, busta itaitangazia baa nzima.

Sasa hayo makali yako yanapotelea wapi? Kwenye tundu la miksa. Pikapu za kawaida, zile zisizotumia betri, ni dhaifu. Zinataka kuchomekwa mahali penye ukinzani mkubwa, kama omu milioni moja hivi, na ndivyo amplifaya za gitaa na pedali nyingi zilivyoundwa. Tundu la laini la miksa huwa na omu elfu kumi au ishirini tu. Gitaa likiingia humo linalemewa, na kinachotangulia kufa ni trebo. Kebo ndefu nayo inaongeza hasara, kila mita ikila kidogo sauti za juu. Ndiyo maana unazungusha trebo ya miksa na unachopata ni mchakacho. Kilichopotea njiani hakirudishwi na nobu iliyo mwisho wa safari.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, kagua miksa yenyewe. Baadhi zina tundu moja au mawili yenye maandishi Hi-Z au kapicha ka gitaa, mara nyingi na kitufe cha kubonyeza pembeni. Hilo limetengenezwa kwa ajili yako. Ukilikuta, chomeka hapo, bonyeza kitufe, sikiliza. Huenda tatizo likaishia hapo. Kagua na gitaa pia. Wapiga mugithi wengi wanatumia gitaa la boksi lenye vidhibiti vya sauti ubavuni na kijumba cha betri ya volti 9. Hilo lina priampu yake ndani, na likififia, nunua betri kwanza.

Kama gitaa ni la umeme la kawaida na miksa haina tundu hilo, basi rafiki yako yuko sahihi, ila sababu yake siyo aliyokupa. Anadhani unahitaji kelele zaidi. Unachohitaji ni ule mlango wa omu milioni moja wa pedali: gitaa linaingia bila kulemewa, na pedali ndiyo inayobeba mzigo wa kebo na miksa. Hata usipoongeza sauti kabisa, makali yanarudi. Wengi huwa hawaamini mpaka wasikie.

Hapa kuna mtego mmoja. Pedali nyingi za siku hizi, ukizizima kwa mguu, gitaa linapita ndani bila kuguswa na chochote, yaani umerudi palepale pa kufifia. Anayewasha busta kwa solo tu atapata gitaa la aina mbili, moja la rithimu limezibwa na moja la solo linawaka, kisha atailaumu pedali. Wewe iache imewaka usiku kucha. Panga nobu yake kwa kiwango cha solo, kisha rithimu ipige huku nobu ya volyumu ya gitaa ikiwa kwenye 7. Solo ikifika, kidole kidogo kinaisukuma hadi 10. Ukiipunguza, gitaa hupoteza trebo kidogo, na hilo kwenye rithimu wala si hasara, linamwachia mwimbaji nafasi. Na katika mugithi mwimbaji ni wewe mwenyewe.

Swali la pili: uongeze kiasi gani? Jibu liko kwenye muziki wenyewe. Katika benga, ndugu wa mugithi wako, mwimbaji anatoa mstari, gitaa linamjibu, hawagombanii nafasi. Kisha maneno yanakoma, besi na ngoma zinachangamka, na solo inachukua wimbo mpaka watu wanaacha viti. D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz waliupiga hivyo, na upande wetu huu wakaja akina D.K. (Daniel Kamau) na John De'Mathew, mwana wa Gatanga hapo juu ya Thika, aliyefariki kwa ajali ya barabarani hapahapa Thika Agosti 2019. Sikiliza magitaa hayo, nyuzi zinahesabika. Sikiliza pia rithimu ya Profesa Omari Shabani katika bendi ya Les Wanyika: hakuna mkwaruzo, ni vidole na mpangilio. Gitaa la namna hiyo linataka kusogezwa mbele hatua moja wakati wa solo, basi.

Hatua moja ni desibeli 3 hadi 6. Desibeli 6 ni mara mbili ya volti iliyoingia, na 20 ni mara kumi. MXR Micro Amp inaweza kufika 26, na ukiifungua yote ndani ya miksa, taa nyekundu itawaka na sauti itapasuka. Ule mkwaruzo mtamu unaousikia kwenye rekodi za roki ni wa amplifaya ya valvu iliyosukumwa. Miksa ya transista ikizidiwa haina utamu wowote.

Na kuna mtu mwingine wa kumfikiria, fundi wa sauti. Kwenye ruracio moja, sherehe ya mahari, huko Thika nilimtazama mpiga gitaa akikanyaga pedali kwa solo, na fundi, kwa mshtuko, akaivuta chini slaida ya gitaa. Solo ikasikika kama kawaida. Pedali ikazimwa, slaida ikabaki chini, na nyimbo zilizofuata tulimwona kijana anapiga bila kumsikia. Wakalaumiana hadi chakula kikaisha. Wakati wa kupima mitambo, mpigie fundi sauti yako ya juu kabisa kwanza, aweke kiwango hapo, ndipo ushuke. Mwambie kwa heshima ni wapi utapanda. Mafundi wengi ni waelewa wakiambiwa mapema.

Dada wa Makongeni, wewe kesi yako ni nyingine. Una amplifaya yako ya gitaa na pedali ya distoshoni, unapiga kwenye kesha za kanisa, na unalalamika kwamba busta haikuongezei sauti hata kidogo. Umeiweka wapi? Ikiwa kabla ya distoshoni, inachofanya ni kuisukuma ichafuke zaidi. Sauti inanenepa na kubana lakini haipandi. Ihamishe ikae baada ya distoshoni, utapanda kweli. Mimi ningeiacha kabla, distoshoni nikaipunguza mpaka karibu nusu, na nobu ya volyumu ya gitaa ikaamua lini nichafuke. Ila hiyo ni tabia yangu, na kanisani kwako kuna wazee.

Umeuliza pia kwa nini wengine wanasifia busta zinazoiga Echoplex. Echoplex EP-3 ilitoka mwaka 1970, mashine ya mwangwi iliyotumia utepe. Wapiga gitaa waligundua kwamba hata mwangwi ukiondolewa, kupita tu kwenye mtambo huo kulilipa gitaa unene na mng'ao, kwa sababu ya priampu yake. Ndiyo maana pedali za leo zinaiga sehemu hiyo peke yake. Kwa hiyo ndiyo, busta zingine zina rangi yao na zingine zinaacha gitaa kama lilivyo. Anayechomeka kwenye miksa na kupiga benga, mimi namwelekeza kwenye ile isiyo na rangi.

Umeme usiupuuze. Pedali nyingi zinataka volti 9 za DC zenye hasi katikati ya plagi. Adapta ya ruta ya intaneti iliyolala nyumbani mara nyingi ina chanya katikati, na hata plagi ikiingia vizuri inaweza kuiua pedali papo hapo. Tazama kile kimchoro cha duara kilichochapishwa kwenye adapta na kwenye pedali, vifanane. Na kama kuna mvumo tangu mwanzo, busta itaukuza pamoja na gitaa. Ukigusa nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki ukahisi umeme, acha kupiga. Waya wa tatu, ule wa kwenda ardhini, haujaunganishwa mahali fulani, iwe kwenye ekstensheni au jenereta, na hilo linaua watu. Mwite fundi wa umeme kabla ya wimbo unaofuata.

Mkienda Luthuli Avenue au kwa muuzaji wa mitumba, bebeni gitaa lenu na kebo yenu wenyewe. Usijaribu pedali kwa gitaa la dukani, utapenda gitaa. Iwashe na uizime, nobu ikiwa mahali ambapo sauti ya kuwashwa na ya kuzimwa hazizidiani, uone kama makali yanabadilika. Kisha fungua nobu yote bila kupiga nyuzi, usikilize mchakacho. Ukiwa mkubwa kuliko unaoweza kuuvumilia kwenye kimya cha kati ya nyimbo, iache. Nobu ikikwaruza unapoizungusha, mara nyingi ni vumbi tu na fundi wa redio ataisafisha. Usimwambie muuzaji hivyo. Kunja uso, na mpunguziane bei.