Mdogo Wangu, Makofi Yasikulevye

Njoo ukae hapa karibu, mdogo wangu. Najua siku hizi simu yako hailali. Ulipiga picha ukiwa na sare ya taekwondo, watu wakaanza: chotara mzuri huyu, ona nywele, ona macho! Moyo ukafurahi, na nani asingefurahi? Sikulaumu. Ninachokiogopa ni kwamba umeanza kuchelewa mazoezini.

Unamkumbuka Pita Taufatofua? Baba Mtonga, mama Mwaustralia. Agosti 2016, kwenye ufunguzi wa Olimpiki pale Maracanã mjini Rio, aliingia amebeba bendera ya Tonga, kifua wazi, amejipaka mafuta anang'aa, kiunoni kajifunga ta'ovala, ule mkeka wanaouvaa Watonga kwenye shughuli za heshima. Usiku ule dunia ikamjua. Ilipofika zamu yake kwenye ulingo wa taekwondo, Sajjad Mardani wa Iran akamfunga 16 kwa 1, raundi ya kwanza tu. Tokyo, mwaka 2021, akasifiwa tena, akafungwa tena, 24 kwa 3. Umesikia lakini? Wote wale waliompenda, hakuna aliyeweza kurusha teke hata moja kwa niaba yake.

Wala usimcheke. Yule alianza taekwondo akiwa na miaka mitano, akaumia, akakosa kufuzu, akarudi, hadi akaifikia Olimpiki akiwa na miaka 32. Sifa zilimkuta kazini. Wewe zimekukuta bado unajifunza, ndiyo maana nakukemea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nawe nimeshaanza kuyaona hayo maji.

Na lile la damu mbili, najua linakuuma. Leo wanakuita mtoto wetu, siku ukishindwa wanakuuliza kwenu wapi. Pita amekulia Tonga, akavaa vazi la kwao bila kumwomba mtu ruhusa. Mcheza kwao hutunzwa, na wewe kwenu ni kwa baba na kwa mama. Usimkane hata mmoja kwa maneno ya watu wasiokulipia nauli ya kwenda mazoezini.

Ninachompendea zaidi Pita hakipo kwenye picha zile. Januari 2022 volkano ililipuka baharini, tsunami ikaipiga Tonga, mawasiliano yakakatika. Baba yake, wakati ule gavana wa visiwa vya Ha'apai huko Tonga, hakujulikana alipo kwa siku kadhaa. Hebu fikiria moyo wake ulivyokuwa, naye yuko Australia. Hata hivyo akawageukia wale wale waliompenda kwa kifua chake, akawaomba waichangie Tonga, nao wakachanga. Baba naye akapatikana salama. Kupendwa kwa namna hiyo nakutakia, mpenzi wangu, na hakuji kwa kushinda kwenye kioo.

Sasa nisikilize. Leo usiku zima simu, kesho uwahi ukumbini kabla ya wenzako. Mwalimu wako umwombe radhi kwa siku ulizokosa. Atakupokea, si wewe wa kwanza.