Somo la Robo Hii: Msalaba wa Maisha Yote



Katika toleo hili tunawaletea somo ambalo sisi wenyewe tumejifunza kwa kukosea. Linawahusu ndugu zetu ambao mateso yao si ya wiki mbili wala ya mwaka mmoja, bali yalianza utotoni na wataishi nayo hadi mwisho. Kanisa lina la kuwaambia watu hawa, tena limewahi kujifunza mengi kutoka kwao. Lakini neno jema likisemwa mahali pasipo pake linaweza kuwa mzigo mwingine juu ya mzigo.

TULIPOKOSEA

Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati wa pamba, huko Sola mkoani Simiyu. Pamoja na wajumbe wachache wa kamati tulimtembelea dada mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya hapo. Dada huyu, ambaye umri wake umepita miaka thelathini, alizaliwa na selimundu. Baridi ya usiku ilikuwa imemwamshia maumivu ya mifupa, naye alitupokea akiwa ameketi mkekani, amejifunika blanketi mchana kweupe.

Tulisali pamoja naye. Kisha mzee mmoja kati yetu akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huo ndio msalaba wako. Mtolee Mungu." Sote tukatikisa vichwa kukubali.

Dada akanyamaza kidogo, akajibu: "Baba, msalaba nimeshaupokea, siku nyingi. Nisichokuwa nacho ni nauli. Tarehe yangu ya kliniki ilipita wiki tatu zilizopita."

Hakusema kwa hasira. Lakini njiani wakati wa kurudi hakuna aliyeongea sana. Tulikuwa tumempa kile alichokuwa nacho tayari, tukasahau kumwuliza asichokuwa nacho.

UGONJWA WENYEWE

Ni vema kamati ziuelewe ugonjwa huu, maana katika Kanda ya Ziwa si wa watu wachache. Selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujikunja na kuwa na umbo la mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na sehemu isiyopata damu huuma vikali sana. Pia hufa mapema, na mgonjwa hupungukiwa damu mara kwa mara.

Mtoto huupata ugonjwa huu pale anaporithi kinasaba chake kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Wazazi wakiwa wamebeba kinasaba kimoja kimoja, wao wenyewe huwa wazima, lakini katika kila mimba kuna uwezekano wa mara moja kati ya nne kwamba mtoto atazaliwa mgonjwa. Utafiti wa watoto wachanga wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, Simiyu ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mtoto mmoja hivi kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba kimoja, na zaidi ya mtoto mmoja katika kila mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Sababu mojawapo ya wingi huo ni malaria: aliyebeba kinasaba kimoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, hivyo kwa vizazi vingi kinasaba hicho kimeendelea kudumu katika maeneo yenye mbu wengi.

Tunayaeleza haya kwa sababu ya minong'ono. Mtoto anapougua kila mwezi, kuna wanaosema amerogwa, na kuna wanaomtupia lawama mama peke yake. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lao lote. Nasi tulikatae.

WATAKATIFU WA SALA YA NDANI WANATUFUNDISHA NINI?

Kanisa lina mapokeo marefu ya mistiki, yaani njia ya sala ya ndani ambayo mtu huunganika na Mungu hata katika giza na maumivu. Wengi wa watakatifu wa njia hiyo waliteseka muda mrefu. Tukiwasoma haraka tunaweza kudhani kwamba waliyapenda maumivu. Sivyo. Walimpenda Kristo, wakamkuta ndani ya maumivu ambayo hawakuyachagua. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo hili, nasi tutaitazama kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, nchini Sudan, yapata mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa na kuuzwa utumwani, akapita mikononi mwa mabwana kadhaa. Mmoja wao aliagiza achanjwe mwilini, na majeraha yakatiwa chumvi ili makovu yasifutike. Hata jina Bakhita alipewa na watekaji wake. Kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati, na shina lake ni lile lile la neno letu bahati. Alifikishwa Italia mwaka 1885. Huko, alipokuwa kwa Masista Wakanosa wa Venezia, bibi yake alitaka kumrudisha Afrika pamoja naye. Bakhita alikataa. Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba yeye ni mtu huru. Alibatizwa Januari 1890, akawa sista, na kwa miaka mingi alitumika katika mji wa Schio kama mpishi, msakristia na bawabu.

Mwishoni aliugua kwa muda mrefu na kutembezwa kwa kiti cha magurudumu. Katika saa zake za mwisho aliona tena minyororo ya utumwani, akaomba ilegezwe. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Bakhita aliwasamehe waliomteka, akaeleza kwamba angekutana nao angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa kuwa njia ile ya uchungu ndiyo iliyomfikisha kwa Kristo. Lakini tuangalie vizuri: huyu aliyesamehe kiasi hicho ndiye aliyekataa kurudi utumwani. Mlango ulipofunguliwa, alitoka.

Wa pili ni Mtakatifu Yohane wa Msalaba, mwalimu mkuu wa fundisho la usiku wa giza wa roho. Desemba 1577 alikamatwa na ndugu wa shirika lake mwenyewe waliopinga mageuzi, akafungwa katika chumba chembamba huko Toledo, Hispania, kwa karibu miezi tisa, akipata chakula kidogo na viboko. Humo gizani alitunga baadhi ya mashairi yake makuu ya upendo wa Mungu. Na Agosti 1578, usiku, alishuka kupitia dirishani akatoroka. Hakuna anayesema kwamba kwa kutoroka aliukimbia msalaba.

Wa tatu ni Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye maparokia yetu mengi yana picha yake. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24, na kwa mwaka mmoja na nusu wa mwisho alipita pia katika giza kubwa la imani. Mateso yale aliyatoa kwa ajili ya wamisionari na kwa ajili ya wasioamini. Hata hivyo aliwaonya masista wenzake wasiache dawa za sumu karibu na mgonjwa mwenye maumivu makali. Alijua mwenyewe jinsi maumivu yanavyoweza kumsukuma mtu hadi ukingoni. Wakati wake dawa ya kifua kikuu haikuwepo. Leo ipo, na hakuna katekista ambaye angemwambia mgonjwa wa kifua kikuu aache vidonge ili amwige Teresia. Basi kwa nini tumwambie hivyo, hata kwa ukimya wetu, mgonjwa wa selimundu?

Juu yao wote yupo Bwana mwenyewe, ambaye Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe. Na Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke mwilini mwake. Kuomba nafuu na kuitafuta si upungufu wa imani.

JE, KUTOLEA MATESO KUNA MAANA?

Ndiyo, kuna maana, na tusilipoteze fundisho hili kwa kuogopa kulitumia vibaya. Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba anafurahi katika mateso yake kwa ajili yao, akishiriki mateso ya Kristo kwa faida ya mwili wake, yaani Kanisa. Dhabihu ya Kristo haikupungukiwa kitu. Ila kwa upendo wake ametuachia nafasi ndani yake. Papa Yohane Paulo II alilifafanua jambo hili katika barua Salvifici Doloris ya tarehe 11 Februari 1984: anayeteseka akiwa ameungana na Kristo si mtu aliyekaa kando ya kazi ya Kanisa, yumo kazini.

Haya tuliyaona Sola, tuliporudi mara ya pili. Safari hii tulikuja na nauli, na mama mmoja wa WAWATA wa kumsindikiza. Wakati tukisubiri pikipiki, dada alitutolea daftari la shule. Ndani yake kulikuwa na majina, kurasa kadhaa: wajawazito wa jumuiya, vijana waliokwenda kutafuta kazi Mwanza, mume na mke waliogombana, marehemu. Alituambia kwamba usiku wa maumivu usingizi hauji, na rozari nzima humshinda kwa sababu ya uchungu. Hivyo husoma majina, jina moja kwa pumzi moja. "Nikifika mwisho naanza tena. Mpaka jogoo."

Hakuna aliyemfundisha hivyo. Katika orodha ile tulikuta na majina yetu, sisi wa kamati, chini ya tarehe ya siku ile tulipomtembelea mara ya kwanza.

Hapo tulielewa jambo ambalo tunapenda kila kamati ilielewe. Maana ya mateso huipata mwenye mateso, pamoja na Mungu, kwa wakati wake. Hatuwezi kumvisha kama koti. Kazi yetu ni ile ya Simoni wa Kirene: yeye hakumhubiria Yesu juu ya msalaba, aliinama akaubeba. Barua ile ile ya mwaka 1984, baada ya kueleza thamani ya mateso, inamalizia kwa mfano wa Msamaria Mwema, kwa kuwa Kristo ametufundisha mawili kwa pamoja: kutenda mema kwa mateso yetu, na kumtendea mema anayeteseka. Ukilichukua la kwanza ukaliacha la pili, umechukua nusu ya Injili.

KAMATI IFANYE NINI?

1. Kuuliza kwanza, kuhubiri baadaye. Swali la kwanza nyumbani kwa mgonjwa liwe: tarehe yako ya kliniki ni lini, na kuna kinachokuzuia?

2. Kuwa na mfuko mdogo wa nauli. Mgonjwa wa vijijini mara nyingine hupewa rufaa hadi Bugando, Mwanza, hospitali inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Wafadhili wetu wafahamu kwamba nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake mara nyingi ndiyo inayoamua kama dawa itamfikia.

3. Kuhimiza vipimo na matunzo. Mtoto akigundulika mapema hupewa penisilini ya kumkinga na maambukizi katika miaka yake ya kwanza, pamoja na foliki asidi. Wapo wanaoandikiwa na daktari haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu. Chandarua, maji ya kutosha, nguo za joto na kutochoshwa na kazi za shambani ni sehemu ya matibabu.

4. Kujua dalili za hatari. Homa, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, tumbo kuvimba ghafla, weupe wa viganja, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili: mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

5. Kumpa mgonjwa nafasi yake katika jumuiya. Apelekewe Komunyo, apate Mpako wa Wagonjwa bila kungojea kufa, na aombwe kuwaombea wengine ikiwa yeye mwenyewe yuko tayari.

6. Kutumia kalenda. Tarehe 8 Februari ni kumbukumbu ya Mtakatifu Bakhita, na siku tatu baadaye, tarehe 11, ni Siku ya Wagonjwa Duniani. Tarehe 19 Juni ni Siku ya Selimundu Duniani. Siku hizo zinafaa kwa Misa, elimu na mchango wa nauli.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani katika jumuiya yetu anaishi na maumivu ya kudumu, na ni lini alitembelewa mara ya mwisho?

2. Je, tumewahi kutumia neno "msalaba wako" ili kujiondolea wajibu?

3. Bakhita alisamehe, na tena alikataa kurudi utumwani. Ni mlango gani tunaoweza kumfungulia mgonjwa wetu mwezi huu?

4. Mgonjwa anatuombea. Sisi tunambebea nini?

Dada wa Sola bado anaugua, na atapata tena usiku wa kusubiri jogoo. Lakini tarehe zake za kliniki sasa zimeandikwa pia katika daftari la katibu wa jumuiya. Yeye anatushika sisi katika daftari lake, nasi tunamshika katika letu.