Rangi ya Chungwa na Dawa za Kupukutisha Matunda: Somo kwa Mlaji wa Bonde la Kilombero

Katika masoko na magenge ya Ifakara, Michenga na vijiji vinavyouzunguka mji huo, mnunuzi wa machungwa aghalabu hutazama kwanza rangi. Fungu la manjano huchukuliwa mapema, fungu la kijani husubiri hadi jioni. Jambo hilo huonekana dogo, lakini lina uzito wake. Mlaji anayelipia rangi humfanya mkulima na mchuuzi waitafute rangi kwa njia yoyote iliyo karibu nao, na mojawapo ya njia hizo ni dawa. Katika somo hili tunaeleza namna chungwa linavyoshika na kuachia mti, dawa ambazo watafiti wamezijaribu katika jambo hilo, na yale ambayo mlaji anaweza kuyafanya kabla ya kutoa fedha yake.

Kwa nini matunda hupukutika

Mchungwa huchanua maua mengi kuliko matunda unayoweza kuyalea. Katika kila maua 100, matunda yanayofikia kuvunwa mara nyingi hayazidi matano. Mengine hudondoka yakiwa maua, au yakiwa matunda machanga yenye ukubwa wa gololi. Upukutikaji huo wa mwanzo ni wa kawaida. Ndivyo mti unavyopunguza mzigo.

Upukutikaji wa pili hutokea wakati matunda yamekaribia kukomaa, nao ndio unaomtia mkulima hasara. Ukame, joto kali, maradhi na wadudu huuzidisha. Miongoni mwa wadudu hao yumo inzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi Tanzania na kwingineko barani Afrika. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai. Funza hula ndani, na tunda huanguka kabla ya wakati wake.

Kazi ya kushika na kuachia hufanyika pale kikonyo kinapokutana na tunda, kwenye tabaka jembamba la seli. Homoni iitwayo auksini hulifanya tabaka hilo liendelee kushikamana. Gesi ya ethilini, ambayo mmea wenyewe huitengeneza, hulilegeza. Auksini ikipungua na ethilini ikiongezeka, tunda huanguka.

Dawa ya kushikisha na dawa ya kuachisha

Watafiti walipoutambua utaratibu huo, walijaribu kuuongoza. Katika miaka ya 1940, wataalamu wa California nchini Marekani walionyesha kwamba 2,4-D, ambayo ni auksini ya kiwandani, ikinyunyizwa kwa kiasi kidogo sana hupunguza kuanguka kwa machungwa yaliyokomaa. Kiasi kinachozungumzwa ni takriban gramu 20 au pungufu katika lita 1,000 za maji.

Huko Florida watafiti walikwenda upande wa pili. Walitafuta dawa ya kulegeza kikonyo ili mashine za kutikisa miti zivune kwa urahisi. Ethefoni, ambayo hutoa ethilini ndani ya mmea, ilijaribiwa, lakini mara nyingi iliangusha na majani. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa katika aina ya Valencia, ambayo hubeba matunda ya msimu huu na machanga ya msimu ujao kwa wakati mmoja. Dawa au mtikiso usiochagua huangusha yote mawili, na mkulima akavuna leo chakula cha mwakani.

Mkulima wa bonde letu huvuna kwa mkono na kwa upondo. Mkono huchagua lililokomaa na kuliacha changa, kazi ambayo dawa hizo bado zinashindwa kuifanya vizuri. Kwa hiyo mtu akikuuzia wazo kwamba machungwa ya kisasa lazima yaangushwe kwa dawa, ujue hana hoja.

Dawa moja, kazi mbili

Hapa ndipo jambo linapolihusu Bonde la Kilombero kwa karibu. Ile 2,4-D ndiyo pia dawa ya kuua magugu ya majani mapana, na wakulima wengi wa mpunga wanaifahamu. Shambani humo hutumika kwa ukali mwingine kabisa: mara nyingi nusu kilo hadi kilo moja ya kiambato hai kwa hekta, katika maji ya lita 200 hivi. Tukilinganisha, mchanganyiko wa kuua magugu ni mkali zaidi ya mara 100 kuliko ule uliotumika kushikisha machungwa.

Kutokana na tofauti hiyo, kubahatisha ni hatari. Kifuniko kimoja cha dawa ya mpunga katika bomba la kunyunyizia si kipimo cha mchungwa. Badala ya kushikisha matunda, huweza kuyakunja majani, kukausha machipukizi na kuacha mabaki yasiyojulikana kiasi chake kwenye ganda. Hata pasipo nia hiyo, upepo huweza kuipeleka dawa kutoka jaruba la mpunga hadi mti wa jirani. Mwaka 2015, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka 2,4-D katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, ijapokuwa ushahidi wake una mipaka. Maelezo hayo hayamaanishi kwamba kila chungwa lina sumu. Yanamaanisha kwamba kipimo na muda wa kusubiri kabla ya kuvuna lazima viheshimiwe.

Viuatilifu husajiliwa kwa mazao na kazi zilizotajwa kwenye lebo. Nchini Tanzania usimamizi huo uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Chupa iliyoandikwa mpunga haimpi mtu ruhusa ya kunyunyizia michungwa.

Rangi si ukomavu

Chungwa hupoteza ukijani wake linapopata usiku wa baridi. Ifakara iko mita 300 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa joto sehemu kubwa ya mwaka. Kwa sababu hiyo chungwa la huku huweza kukomaa, kujaa maji na kuwa tamu huku ganda lake likiwa bado la kijani. Aina ya Valencia huweza hata kugeuka manjano kisha ikarudia ukijani ikiwa bado mtini.

Tena, chungwa si kama ndizi au embe. Ndizi ina wanga unaogeuka sukari baada ya kukatwa. Chungwa halina akiba hiyo. Likichumwa changa na chachu, litabaki changa na chachu. Ethilini, ethefoni au kabaidi, ile inayotumika kuchomelea vyuma, huweza kubadili ganda, lakini haziongezi utamu. Kabaidi ina hatari ya ziada, kwani huweza kubeba aseniki na fosforasi. Mlaji anayenunua chungwa lililopakwa manjano kwa njia hiyo hulipa zaidi, hupata tunda lile lile chachu, na huongeza shaka juu ya afya ya nyumba yake.

Mlaji afanye nini

1. Pima kwa mkono. Kati ya machungwa mawili ya ukubwa mmoja, lililo zito zaidi kwa kawaida lina maji mengi.

2. Omba moja likatwe kabla ya kununua fungu au gunia. Ulimi wako ni shahidi bora kuliko rangi.

3. Ukiona machungwa ya manjano sawasawa mwanzoni mwa msimu, nayo yana vikonyo vikavu vyeusi au havipo kabisa, uliza yametoka wapi na yameivishwaje. Dalili hiyo peke yake si ushahidi, ila inatosha kuuliza.

4. Usinunue lenye tundu, doa laini au ufa, hata kwa bei ya kutupa. Lililookotwa chini huweza kuwa na funza.

5. Osha chungwa kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kulimenya, na uoshe kisu na mikono. Mabaki ya dawa iliyonyunyizwa hukaa zaidi kwenye ganda, na kisu huweza kuyapeleka kwenye nyama ya tunda.

6. Ganda la kutia katika chai au achari litoke kwenye mti unaoujua.

7. Usitumie kamwe chupa ya kiuatilifu kuwekea juisi, maji au mafuta, hata ikiwa imeoshwa.

8. Ukishuku dawa imetumika vibaya, kumbuka siku, mahali na muuzaji, kisha utoe taarifa kwa afisa ugani au afisa afya wa kata. Masuala ya usalama wa chakula yapo pia chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019.

Maswali ya kujadili nyumbani

Je, tulipokataa chungwa la kijani mara ya mwisho, tulilionja? Je, mkulima tunayemnunulia anajua muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo ya dawa yake? Je, tuko tayari kumlipa bei ya haki kwa tunda la kijani lililokomaa mtini?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mkulima akiwa na hakika kwamba chungwa lake la kijani litanunuliwa kwa utamu wake, hatakuwa na sababu ya kulichuma mapema wala kulitafutia rangi dukani.