Spreyi za Gari: Ipi Inalinda Rangi, Ipi Inang'arisha Tu

Fundi rangi alinionesha boneti kwa kidole, hakusema neno. Koti jipya la rangi nyeusi lilikuwa limejaa vishimo vidogo vya mviringo, kama vile rangi imekataa kukaa sehemu hizo. Mafundi wanaviita macho ya samaki.

"Dogo, hii gari mlikuwa mnaipaka nini?"

Nikamwambia ukweli: spreyi ya dashibodi, ile ya kopo, kila Jumamosi, karibu mwaka mzima. Akacheka kidogo, kisha akaokota msasa. Boneti ilibidi ikwanguliwe na kuanza upya, na gharama ya mara ya pili ilikuwa juu yangu. Bumu la muhula ule lilikuwa halijamaliza wiki mbili mfukoni.

Gari ni Toyota IST ya anko wangu. Mwaka wa pili ulipoanza alinikabidhi niiendeshe wikiendi kwenye programu ya usafiri, nipate hela ya chumba na chakula. Sharti lake lilikuwa moja: "Anko, irudi kama ilivyotoka." Nami nikalishika sharti hilo kwa bidii zote. Niliosha kwa sabuni ya unga ya kufulia, nikakausha kwa tisheti ya zamani, nikamalizia na spreyi inukie na kung'aa. Abiria walisifia. Kumbe nilikuwa naimaliza taratibu. Nasoma kemia, kwa hiyo aibu yangu ni mara mbili, na haya ninayoandika hapa ni somo ambalo ningetakiwa kujifundisha mwenyewe kabla ya kununua kopo la kwanza.

Tuanze na bodi yenyewe. Juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi, na juu kabisa kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita klia. Mng'ao wote unaouona ni wa klia. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani ni mwembamba kuliko unywele wako. Ndani yake kuna kemikali zinazokula miale ya jua ili rangi ya chini isiungue. Kemikali hizo zikiisha, klia inapauka, inakuwa na ukungu mweupe, halafu inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Angalia IST au Vitz yoyote ya zamani mjini: paa na boneti ndivyo vinavyotangulia, kwa sababu jua linavipiga moja kwa moja. Sasa lishike hili mapema lisije likakugharimu: hakuna spreyi duniani inayorudisha klia iliyobanduka. Hiyo ni kazi ya fundi rangi. Spreyi ni kwa ajili ya klia ambayo bado ipo.

Ukifika dukani utakuta makopo yanayofanana kama mapacha, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Kuna spreyi ya nta, ambayo lebo yake husema "Spray Wax". Hii inaacha tabaka jembamba juu ya klia, na uchafu, chumvi na kinyesi cha ndege vinalishambulia tabaka hilo kwanza. Kuna diteila, iliyoandikwa "Quick Detailer". Hii kimsingi ni kisafishio chenye utelezi: maji, sabuni kidogo na vilainishi vinavyobeba vumbi jepesi ili kitambaa kisilikokote juu ya rangi. Inaacha mng'ao, lakini ulinzi wake ni mdogo na wa siku chache. Halafu kuna spreyi za dashibodi na za matairi. Nyingi kati ya hizi ni mafuta ya silikoni. Zinang'aa kuliko zote, na ndizo zilizonitia hasara. Mafuta yale hayagandi yakawa tabaka imara. Yanabaki yamelowa na kukamata vumbi, mimi nalisugua vumbi hilo kwa tisheti, halafu siku ya kupiga rangi mabaki yake yanaifukuza rangi mpya. Ndiyo macho ya samaki yale. Ukweli ni kwamba hata baadhi ya nta na diteila zina silikoni ndani yake, kwa hiyo gari likienda kupigwa rangi mwambie fundi ulichokuwa unapaka, alisafishe kwa kiyeyushi chake kabla hajagusa msasa. Mimi sikuulizwa, na sikusema.

Ndani ya familia ya spreyi za nta zenyewe kuna tofauti ya kuzingatia. Nta ya karnauba inatokana na mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil. Majani yake hujifunika nta ili yasipoteze maji wakati wa kiangazi. (Nta hiyo hiyo hupakwa kwenye peremende na baadhi ya vidonge, kwa hiyo huenda umeshaila.) Inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, inaipa rangi nyeusi au nyekundu mng'ao wa kuvutia, lakini ikiwa katika spreyi haidumu sana. Ihesabu kwa wiki. Spreyi za polima za kiwandani hazina mvuto ule ule kwa macho ya wapenzi wa magari, ila zinavumilia joto na sabuni zaidi. Siku hizi zimeingia pia zenye silika, ambazo mara nyingi zinaandikwa "ceramic" kwa herufi kubwa. Zikipakwa vizuri zinaweza kudumu miezi, lakini zinadai bodi safi kabisa na zikikaukia juani zinaacha mabaka. Usidhani umepata ile seramiki ya chupa ndogo inayopakwa na mtaalamu ndani ya banda. Hizo ni kazi mbili tofauti. Na kuna kichekesho hapa: silika ya kwenye kopo na mchanga wa barabarani ni kitu kimoja kwa fomula, SiO₂. Kimoja unakinunua kilinde rangi, kingine kinaichana.

Kwa gari linalolala nje na kushinda juani Dar es Salaam, mimi ningechukua polima kabla ya karnauba. Karnauba mwachie mwenye gereji na Jumapili isiyo na kazi.

Lakini kopo sahihi juu ya bodi chafu ni hasara vilevile. Vumbi letu limejaa mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia kwa mbali. Ukiupulizia diteila gari lililotoka kwenye tope la Goba na kuanza kufuta, unapiga msasa huku unanukia vizuri. Diteila ni ya vumbi la usiku mmoja, au ya kukaushia gari lililokwisha kuoshwa. Tope linaondolewa kwa maji mengi na shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia ina alikali na imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, kwa hiyo inaondoka na nta yako. Ile mikwaruzo ya duara unayoiona kwenye gari jeusi chini ya taa ya kituo cha mafuta, kama utando wa buibui, kwa sehemu kubwa ni kazi ya vitambaa vyetu. Tumia maikrofaiba mbili, moja ya kupaka na nyingine ya kumalizia. Kikidondoka chini, kisirudi kwenye gari kabla hakijafuliwa.

Kupaka kwenyewe ni rahisi. Bodi iwe ya baridi, kivulini, asubuhi mapema. Ukiweka mkono juu ya boneti ukaurudisha haraka, ahirisha. Pulizia kidogo kwenye kitambaa, fanya nusu ya mlango, futa, endelea. Kupaka nyingi hakuongezi ulinzi, ziada yote unaifuta. Kwepa kioo cha mbele, maana waipa zitakichafua mvua ikinyesha, na kwepa diski za breki kama unajipenda.

Utajuaje nta imeisha? Mwagia maji. Nta imejengwa kwa minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni ambayo maji hayashikamani nayo, kwa hiyo yanajikusanya kuwa matone ya duara. Yakianza kutandaa kama shuka, nta imeondoka, au bodi ni chafu tu. Ila matone mazuri yasikulevye. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na tone likikaukia juani linaacha duara jeupe la madini ambalo baadaye shampuu haliliwezi. Likiwa bado changa, vinega iliyochanganywa na maji inalitoa, kisha suuza na upake nta upya. Bora kukausha gari mara baada ya kuosha.

Kinyesi cha ndege ndiyo sababu pekee inayonifanya nibebe chupa ya diteila kwenye buti. Kina asidi, na jua linapoilainisha klia kinaacha alama ndani yake, haitoki kwa kufuta. Wengi wanakikwangua kikiwa kikavu. Usifanye hivyo. Pulizia, weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika kadhaa, halafu kinyanyue.

Na jua? Hapa wauzaji wanatupiga. Nta inasaidia kidogo sana dhidi ya miale ya jua. Kivuli cha mwembe kinafanya zaidi, japo mwembe nao una ndege na utomvu wake. Anko aliponiuliza tufanye nini, nilimwambia tununue kifuniko cha gari. Akasema, "Anko, kwanza nilipie boneti."

Nimelipa. Boneti imetoka safi safari hii, nyeusi kama sufuria mpya ya kijijini kabla ya moto wa pili. Fundi ameniambia rangi mpya inahitaji kupumua, nisiipake chochote hadi mwezi mmoja upite, niioshe kwa maji na shampuu tu. Zimebaki siku tisa. Kopo la polima liko chini ya kitanda changu gheto, bado na lakiri yake, na mwenzangu wa chumba ameshaniuliza mara mbili kama anaweza kupulizia viatu.